Koti la Baridi Lina Historia: Kutoka Stansted 1972 hadi Soko la Owino



Ndugu wazazi na wanafunzi, kila mwaka ndugu zetu walioko Uingereza, Marekani na Kanada wanapoingia katika majira ya baridi kali, hutupa habari za mifuko wanayoiandaa misikitini kwao kwa ajili ya watu wanaolala nje. Hutia soksi nene, kofia za sufu, glavu, blanketi na chakula kikavu, kisha vijana hutoka usiku kuigawa. Watoto wetu wakisikia hayo huuliza: na sisi wa Kampala, ambako theluji haijapata kuanguka, tuna la kufanya?

Swali ni zuri, na jibu lake haliko mbali. Liko Owino. Sweta, makoti na mablanketi yanayovaliwa huko kwenye baridi, mengi yao humalizia safari yake katika soko letu, chini ya msikiti mkuu wa Old Kampala, karibu na uwanja wa Nakivubo. Na watu wanaolala nje wako hapo hapo, kwenye baraza za maduka na vichochoro vya Kisenyi.

Tungeweza kuwaandikia orodha ya vitu vya kununua tukaishia hapo. Lakini tumeona ni bora kwanza tuelezane historia ya jambo hili, kwani wengi wetu hatujui kwamba watu wa mji huu waliwahi kuwa wapokeaji wa makoti ya baridi. Mwenye kujua hayo hatoi nguo kama anayetupa.

Baridi ya Kampala

Kwanza tuondoe dhana kwamba huku hakuna baridi. Kampala iko juu ya usawa wa bahari kwa mita 1,200 hivi. Usiku wa kawaida joto hushuka hadi kama nyuzi 17, na mwenye nyumba na shuka haoni taabu. Lakini mvua zetu ni nyingi, za masika kuanzia Machi hadi Mei, na za pili kuanzia Septemba hadi karibu na mwisho wa mwaka. Zikinyesha kwa nguvu, mfereji wa Nakivubo hufurika na maji huingia maeneo ya chini ya mji, ambayo ndiyo maeneo wanayolala wasio na makazi. Mtu aliyelowa, aliyelala juu ya saruji, mwenye njaa, huumwa na baridi hata kama hakuna theluji. Tena sakafu ndiyo hunyonya joto la mwili kuliko hewa. Ndiyo maana utaona wanaolala nje huanza kutafuta boksi la karatasi la kutandika chini kabla ya kutafuta cha kujifunika.

Kutoka mbugu hadi amerikani

Zamani watu wa Buganda walijifunika mbugu, yaani nguo ya gome la mti wa mutuba. Gome hubanduliwa, huchemshwa na kupondwa kwa nyundo za mti mpaka likawa laini na pana. Mbugu ilikuwa vazi, tandiko, blanketi, na mwisho wa yote sanda. Mwaka 2005 ufundi huo ulitangazwa na UNESCO kuwa miongoni mwa hazina za urithi wa binadamu.

Wafanyabiashara Waislamu kutoka pwani walipofika Buganda ndipo nguo za pamba zilipoanza kuingia. Sheikh Ahmed bin Ibrahim anakumbukwa kuwa alifika kwa Kabaka Suuna mwaka 1844, na mwaka huo ndio unaohesabiwa kuwa mwanzo wa Uislamu Uganda. Pamoja na dini na kanzu, misafara ya Zanzibar ilileta amerikani, kitambaa kilichofumwa Marekani na kupitishwa Unguja. Kwa hiyo nguo za Marekani zilifika huku karne moja na nusu iliyopita zikiwa mpya, tena kitu cha fahari cha kuvaliwa na wakubwa. Leo zinafika zikiwa zimekwisha valiwa. Katikati ya nyakati hizo mbili yako mambo mengi, na kubwa mojawapo lilitokea mwaka 1972.

Mwaka ambao watu wa Kampala walipewa makoti

Tarehe 4 Agosti 1972, Rais Idi Amin alitangaza kwamba Waasia wa Uganda waondoke nchini. Walipewa siku 90, na mwisho wake ulikuwa tarehe 8 Novemba. Miongoni mwao walikuwemo Waislamu wa madhehebu mbalimbali, Wahindu, Masingasinga na Wakristo wa asili ya Goa. Wengi walizaliwa hapa na hawakuwa na kwao pengine. Waliacha nyumba, maduka na viwanda. Walipekuliwa na askari njiani kuelekea Entebbe, na fedha walizoruhusiwa kutoka nazo zilikuwa kama pauni 50 tu.

Ndege ya kwanza ya waliofukuzwa ilitua uwanja wa Stansted, Uingereza, tarehe 18 Septemba 1972. Hadi mwisho wa muda ule, watu takriban 28,000 walikuwa wameingia nchi hiyo. Hebu tuwaze hali yao. Mtu ametoka Kampala kwenye jua amevaa shati jepesi, mama amevaa sari na ndala, watoto wamevaa kaptula, nao wanateremka kwenye upepo wa vuli ya Uingereza, na baridi kali inakuja. Asubuhi alikuwa na nyumba, jioni hana makazi.

Serikali ya huko ilifungua kambi 16, nyingi zikiwa kambi za jeshi zilizokuwa zimeachwa: Stradishall katika Suffolk, Greenham Common katika Berkshire, na Tonfanau kwenye pwani ya Wales ambako upepo wa bahari hupiga bila kizuizi. Waliowapokea walikuwa wafanyakazi wa serikali pamoja na watu wengi wa kujitolea, khasa akina mama wa Women's Royal Voluntary Service, jumuiya iliyoanzishwa mwaka 1938. Akina mama hao walikusanya makoti, sweta, viatu na mablanketi kutoka majumbani kwa watu, wakafungua ghala kambini, wakawavisha wageni. Koti la kwanza ambalo wengi katika Waasia wa Kampala walilivaa maishani mwao lilikuwa koti la mtu mwingine.

Walioelekea Kanada ilikuwa hivyo hivyo. Ndege yao ya kwanza ilifika Montreal mwisho wa Septemba 1972, wakapelekwa kituo cha jeshi cha Longue-Pointe, wakapewa chakula na nguo za baridi kabla ya kutawanyika katika miji ya nchi ile kubwa.

Si kila mtu aliwapokea kwa moyo mweupe. Baraza la mji wa Leicester lilichapisha tangazo katika gazeti la Uganda Argus mwezi wa Septemba 1972, likiwataka wasiende Leicester kwa kuwa shule na nyumba zimejaa. Wengi walikwenda vivyo hivyo, na mji ule leo unajulikana kwa biashara walizozijenga. Funzo hapa, ndugu msomaji, ni kwamba katika nchi moja na mwezi mmoja wapo waliofunga mlango na wapo waliopekua kabati zao kutafuta koti linalomtosha mtu wasiyemjua. Sisi nasi tuchague tutakuwa upande upi.

Tena tusisahau kwamba mwenye duka la nguo Kampala mwezi wa Julai 1972 hakuwaza hata kidogo kwamba Oktoba atasimama kwenye foleni ya kupewa sweta. Kukosa makazi si aina ya watu, ni jambo linalompata mtu.

Owino inapata makoti

Mwaka mmoja kabla ya hayo, yaani 1971, soko la Owino lilikuwa limeanzishwa. Jina lake rasmi sasa ni Soko la St. Balikuddembe, kwa kumbukumbu ya Yosefu Mukasa Balikuddembe, Mkristo aliyeuawa eneo hilo la Nakivubo mwaka 1885 katika zama za Kabaka Mwanga. Lakini watu wengi bado wanasema Owino.

Baada ya kufukuzwa Waasia, maduka na viwanda viligawiwa watu, vingi vikafa. Kiwanda cha nguo cha Nyanza Textile cha Jinja, kilichokuwa kikifuma pamba ya Uganda kwa umeme wa Owen Falls, kilidhoofika pamoja na uchumi wote. Kitambaa kikawa adimu, magendo yakatawala. Vita vilipopungua na biashara kufunguliwa, miaka ya mwisho ya 1980 na ya 1990, nguo kuukuu za nje ziliingia kwa wingi. Waganda waliziita mivumba. Watanzania na Wakenya husema mitumba, yaani mafurushi.

Safari ya koti ni hii. Mtu wa London au Toronto hulitoa sadaka kwenye sanduku la nguo au duka la jumuiya ya hisani. Baadhi ya nguo huuzwa pale pale. Zilizobaki huuzwa kwa uzito kwa wafanyabiashara, huchambuliwa kwa madaraja, hufungwa katika marobota ya kilo 45 hivi, hupakiwa melini hadi Mombasa, kisha hupanda lori hadi Kampala. Mwenye kibanda Owino hununua robota bila kujua kilichomo ndani. Akilifungua ndipo anapojua kama amepata au amekula hasara. Huchambua upya: zilizo safi huning'inizwa juu, za wastani hukunjwa mezani, mbovu humwagwa chini kwenye lundo na kuuzwa kwa bei ya kutupa.

Katika lundo hilo ndimo mara nyingi yanamokuwa makoti mazito. Mji wa joto hauna haja nayo sana, isipokuwa madereva wa boda boda wanaoamka alfajiri na watu wanaopeleka mzigo Kabale na Kisoro kwenye milima ya baridi. Kwa hiyo kitu kilichokuwa na thamani kubwa Stansted mwaka 1972 hupatikana Owino kwa fedha kidogo.

Basi tusidhani kwamba wanaouza hapo ni matajiri. Ni makumi ya maelfu ya watu, wanawake kwa wingi, wanaolipa karo kutokana na nguo hizo. Soko limeungua zaidi ya mara moja. Moto wa Februari 2009 na ule wa Desemba 2013 uliwaacha wengi na majivu badala ya mtaji. Na mwezi wa Machi 2020, wakati wa maradhi ya korona, wauzaji wa chakula katika masoko ya Kampala walitakiwa walale humo humo sokoni wasirudi majumbani, na wauzaji wa nguo wakafungiwa kazi kabisa. Akina mama walilala chini ya meza zao na vyandarua. Umbali kati ya mwenye kibanda na asiye na makazi ni mdogo kuliko tunavyofikiri.

Nguo za wafu?

Zamani Tanzania nguo hizi ziliitwa "kafa Ulaya", kwa dhana kwamba ni za watu waliokufa. Mwezi wa Agosti 2023 Rais Museveni aliirudia kauli hiyo, akasema ni nguo za wafu na kwamba atazipiga marufuku ili viwanda vya nchi vipate soko. Kabla yake, mwaka 2016, viongozi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki walikubaliana kuziondoa hatua kwa hatua. Wafanyabiashara wa Marekani walilalamika kwa serikali yao, nchi nyingine zikalegeza, Rwanda ikashikilia msimamo, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu ya kuuza mavazi yake Marekani bila ushuru.

Katika mjadala huo kila upande una hoja. Mfumaji wa Jinja anataka kazi, na mama wa Owino anataka kula. Sisi hatuna uwezo wa kuuamua hapa. Lakini lipo neno moja ndani yake linalotuhusu sote, nalo ni ile hisia ya kudharauliwa: kwamba tumepewa kile ambacho mwenyewe hakitaki. Kama sisi tunaumia kwa hilo mbele ya nchi tajiri, je, tumtendee hivyo anayelala barazani?

Qur'ani imetukataza wazi, katika Surat al-Baqarah aya ya 267, kukusudia vilivyo vibaya tukavitoa, hali ya kuwa sisi wenyewe tusingevipokea ila kwa kufumba macho. Imepokewa kwamba watu walikuwa wakitundika makole ya tende msikitini kwa ajili ya masikini, na baadhi yao wakaleta tende kavu zisizolika. Hiyo ndiyo mizani. Na katika kafara ya kiapo, kuwavisha masikini kumi kumehesabiwa pamoja na kuwalisha na kuacha mtumwa huru. Kumvisha mtu si jambo dogo.

Sheria ya mwaka 2019

Kabla hamjatoka na mifuko, jueni jambo hili. Mwezi wa Aprili 2019 mji wa Kampala ulipitisha sheria ndogo ya kulinda watoto, inayokataza kuwapa watoto wa mitaani fedha, chakula au nguo. Adhabu iliyotajwa ni faini ya shilingi 40,000 au kifungo cha miezi sita. Wakati huo serikali ilikadiria kwamba watoto 15,000 wenye umri wa miaka 7 hadi 17 walikuwa mitaani Kampala. Wengi huletwa kutoka Karamoja, khasa wilaya ya Napak, na wapo watu wazima wanaowakalisha barabarani waombe, kisha jioni huwanyang'anya walichopata.

Wengine waliiona sheria hiyo kuwa ya kikatili, na sisi pia inatuuma kumpita mtoto aliyelowa. Lakini sababu yake ni ya kweli: fedha anayopewa mtoto barabarani ndiyo inayomrudisha barabarani kesho. Kwa hiyo rai yetu ni hii. Mifuko ya watoto ipelekwe kwenye makazi na vituo vinavyowapokea, ambako watalala ndani na kutafutiwa jamaa zao. Mifuko ya watu wazima, kama wachukuzi, wazee na akina mama wanaolala nje, itolewe mkononi, baada ya kuzungumza na mwenyekiti wa LC wa mahali hapo ili asishtukizwe na kundi la wageni usiku. Na asipigwe mtu picha akipokea. Wale wa Stansted walipigwa picha nyingi, na wengine mpaka leo watoto wao wanaziona sura za wazazi wao zikiwa na fedheha magazetini.

Mfuko wetu

Familia moja au darasa moja la madrasa linaweza kuandaa mifuko kumi bila kuelemewa. Nendeni Owino asubuhi na mapema, mzazi mmoja kwa vijana watatu au wanne, na mchambue kama wachambuavyo wenye soko: geuzeni nguo ndani nje, vuteni zipu, tazameni kwapa na mifuko. Lolote ambalo usingemvalisha ndugu yako liacheni.

Tieni katika kila mfuko: sweta au koti moja lisilo zito mno, kwani mwenye kulala nje hubeba mali yake yote mchana kutwa, blanketi jepesi, kipande cha turubai au plastiki nene cha kutandika chini, na hiki msikisahau, maana blanketi bila tandiko huloa, soksi jozi mbili na kofia ya sufu, malapa au lugabire, sabuni, mswaki na mafuta ya kujipaka. Kwa wanawake ongezeni pedi na leso. Mfuko wenyewe uwe wa kamba, wa kuvaa mgongoni, ili usiku uwe mto na usiibiwe kwa urahisi.

Nguo zote zifuliwe kwa maji ya moto, zianikwe juani, kisha zipigwe pasi ndani na nje mpaka kwenye mishono. Hili si suala la unadhifu peke yake. Huku kwetu yuko inzi wa maembe, anayetaga mayai kwenye nguo zilizoanikwa, na funza wake huingia ndani ya ngozi. Joto la pasi ndilo linalomuua. Kazi ya pasi wapeni wakubwa, kukunja wapeni wadogo, na wakati wa kukunja wasimulieni habari za Stansted na Tonfanau. Watoto wa familia zilizopitia hayo sasa ni mababu, na wengine wamerudi Kampala.

Mkimpa mtu mfuko, muulizeni jina lake, mwambieni lenu, na mkubalieni akisema sweta hili halimtoshi anataka jingine. Kuchagua ni sehemu ya heshima. Akina mama wa 1972 waliwaacha wageni wao wajaribishe makoti mpaka wapate la kuwatosha.

Tunamuomba Allah atutakabalie kidogo chetu, awasitiri wote wanaolala nje usiku wa mvua, awape makazi mema, na asitufanye miongoni mwa wenye kusahau kwamba neema ya paa inaweza kuondoka katika siku 90. Amin.